Nyumba ya Watoto Waliofungwa



Mara mbili nimeandika katika kitabu chetu hiki juu ya skuli na mitihani, na safari hii kamati ilinitaka niendelee na hayo hayo. Nimeomba ruhusa nibadilishe. Mwaka huu, baada ya hitma moja, mama mmoja tuliyejuana tangu nyumbani alinivuta kando, pale penye viatu, akaninong'oneza: "Maalim, yule mwanangu sikukwambia kweli. Hakwenda Dubai." Nikamwambia najua. Hakuniuliza nimejuaje. Zaidi ya miaka ishirini nilifanya kazi mahali wanapopelekwa watoto kama huyo wake, na katika miaka hiyo, minane nilikuwa ndiye mkuu wa mahali penyewe. Wengi wenu mliponiuliza kazi yangu nilijibu "mwalimu" nikanyamaza. Haikuwa uongo, walakini haikuwa yote. Basi na mimi pia nilikuwa na Dubai yangu.

Kwanza niondoe utatanishi wa majina. Hapa England na Wales mtoto anaweza kushitakiwa tangu anapotimiza miaka 10. Mahakama ikiamua afungwe, au angojee kesi yake akiwa ndani, katika miaka yangu kulikuwa na namna tatu za mahali pa kumweka. Kuna jela za vijana, ambazo ni kubwa na huchukua wavulana wa miaka 15 mpaka 17. Kuna vituo vya mafunzo vyenye ulinzi, vilivyoanzishwa mwaka 1998 na kuendeshwa na makampuni, ambavyo baadaye karibu vyote vilifungwa. Na kuna nyumba ndogo za watoto zenye kufuli, ambazo nyingi ni za halmashauri, na humo anaweza kuingia hata mtoto wa miaka 10. Nyumba yangu ilikuwa ya namna hii ya tatu. Siitaji jina wala mji wake, kwa kuwa watoto waliopita humo sasa ni watu wazima wenye wake na waume na watoto wao, na wengine mnawajua bila ya kujua. Tulikuwa na watoto ishirini na kitu, wavulana na wasichana, na wafanyakazi wa zamu zote walizidi mia.

Ndugu zetu walioko Kent wanapita kila siku chini ya kilima ambacho mambo haya yote yalianzia. Juu ya mto Medway, karibu na Rochester, kuna kijiji kiitwacho Borstal. Mwaka 1902 Sir Evelyn Ruggles-Brise, aliyekuwa mkubwa wa magereza, aliamua kuwatenga hapo vijana wasichanganyike na wafungwa wazima, ili wafundishwe kazi na wapewe nafasi ya kutengenea. Jina la kijiji likageuka kuwa jina la namna ya jela, likasafiri mpaka kwetu. Kenya ilipitisha sheria yake ya Borstal mwaka 1963, na Shimo la Tewa, kaskazini ya Mombasa, ipo mpaka leo. Waingereza wenyewe waliifuta yao kwa sheria ya mwaka 1982.

Aliyeifanya Borstal isifike alikuwa Alexander Paterson, aliyeingia katika uongozi wa magereza mwaka 1922. Aliwavua askari sare zao, akawagawa vijana katika nyumba nyumba kama skuli za mabwenyenye, na kila nyumba akaipa mlezi wake. Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha mwaka 1930. Ilipoamuliwa kujengwa Borstal isiyo na ukuta huko Lowdham Grange, karibu na Nottingham, vijana wa kuijenga walitoka Feltham, magharibi ya London, kwa miguu, safari ya maili zaidi ya mia. Mkuu wao, William Llewellin, hakupanda gari akawatangulia. Alitembea nao. Nilipokisoma kisa hiki nilikuwa mwalimu wa kawaida katika darasa la nyumba ile, nikakiona ni hadithi nzuri tu ya zamani. Nilikuja kukielewa baadaye, na nilichelewa.

Nilipewa ukuu mwaka 2007. Kabla yangu wakuu wanne walikuwa wamepita katika miaka sita. Kila mmoja alikuja na kanuni zake, na kila alipoondoka kanuni zikabaki juu ya zile za mwenzake, kama vyungu vilivyopangwa. Mtoto aliyekuwamo akiambiwa Jumatatu jambo ni halali na Alhamisi kwamba ni haramu, ikitegemea ni zamu ya nani. Watu wa nje hudhani kazi ya mkuu ni kuwatawala watoto wakorofi. La. Watoto unawakuta kwa saa chache. Kazi yako ni watu wazima: ni nani anayemfungulia mtoto mlango asubuhi, anamfunguliaje, na neno gani la kwanza linamtoka. Mtu aliyekuja kazini amegombana na mkewe atamsukuma mtoto kwa sauti kabla hajamsukuma kwa mkono. Watoto wanasoma uso wa mtu kuliko mimi nisomavyo gazeti.

Na jambo kubwa kuliko yote ni kushikwa. Yaani mtoto anapofanya fujo, wafanyakazi wana ruhusa ya kumshika kwa nguvu ili asijidhuru wala asidhuru wengine. Mwaka 2004, katika kituo cha Rainsbrook, mvulana wa miaka 15, mdogo wa umbo, ambaye uzito wake ulikuwa kama kilo 41, aliambiwa asafishe mashine ya kuchomea mkate akakataa. Jambo lilianzia hapo. Lilimalizikia chumbani kwake, ameshikwa na watu watatu, akisema hawezi kupumua. Alikufa. Namna ile ya kushika ikapigwa marufuku, na mwaka 2007 lile baraza la wananchi lililosikiliza uchunguzi wa kifo chake likaonyesha makosa mengi yaliyotangulia. Mimi nilikuwa darasani kwangu habari ile ilipofika, na nikasema moyoni, kama kila mtu asemavyo, kwamba kwetu haiwezi kutokea. Sisi ni nyumba ndogo, tunawajua watoto wetu.

Sasa nisimulie la kwetu, ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 2009 tulikuwa na mvulana wa miaka 14, mtoto wa watu wetu, Mswahili baba na mama, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chakula tu. Nilipomwamkia kwa Kiswahili siku ya kwanza alitazama ukutani. Alikuwa amefungwa kwa mambo ya visu na genge. Mama yake alikuwa akiishi mji mwingine, mbali, na wiki tano zilipita asije. Wafanyakazi wakaandika katika faili kwamba familia haina hamu. Nami nikatia sahihi. Sikupiga simu. Naliandika hili ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa wa kabila lako na bado akakutilia sahihi.

Wiki ya sita mama akaja. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, akapanda treni mbili na basi, na mkononi alikuwa na mkate wa kumimina aliouzungushia kitambaa. Langoni akatoa pasi yake. Mlinzi akatazama jina la pasi, akatazama jina la mtoto, akaona hayafanani. Nyinyi mnajua kwa nini hayafanani. Mwanamke wa kwetu huolewa akabaki na jina la baba yake, na mtoto huchukua la baba yake yeye. Mlinzi yule hakujua, wala hakuwa mtu mbaya. Kanuni ilisema mzazi athibitishe, na yeye aliifuata. Akampigia simu mkuu. Mkuu alikuwa katika mkutano na wakubwa wa halmashauri, juu ya karatasi za ukaguzi, na alikuwa ameacha amri asisumbuliwe. Mama alikaa saa moja na nusu katika kibanda cha lango, kisha akaambiwa aandike barua. Mkate ukakataliwa pia, kwani chakula cha nje hakiingii.

Kijana alikuwa ameshaambiwa kwamba mama yake yuko langoni. Alioga, akavaa shati. Walipomwambia kwamba mama amerudi, hakusema kitu. Baada ya magharibi akavunja kila kilichovunjika chumbani mwake. King'ora kikalia, wakaingia wanne, wakamshika, na kifundo cha mkono wake kikavunjika.

Nilimwona hospitali usiku ule, askari mmoja kushoto na mfanyakazi wetu kulia. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, mwanangu." Akanijibu kwa Kiswahili pia, mara ya kwanza: "Wewe ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Akageuza uso.

Asubuhi yake niliisoma ripoti ya wale wafanyakazi wanne. Ilikuwa safi, saa zimeandikwa, hatua zote zimefuatwa. Nikafungua kabati nikatoa ripoti nyingine za miezi mitatu nyuma. Zote zilikuwa safi, na chini ya zote palikuwa na sahihi yangu. Nilipozipanga mezani nikaona kitu ambacho kimoja kimoja hakionekani: karibu zote zilitokea kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, zamu zinapobadilishana, na karibu zote zilitanguliwa na neno dogo, simu iliyokatwa, mgeni asiyekuja, ahadi ya mtu aliyekuwa zamu ya asubuhi ambayo mtu wa jioni haijui. Tulikuwa tukiandika vizuri sana namna ya kumshika mtoto, na mahali pa kuandika kwa nini palikuwa na mistari miwili tu.

Nikaenda kwa yule mama nyumbani kwake. Mkubwa wangu hakupenda, akasema wakili atazungumza naye. Nilikwenda Jumapili, siku yangu mwenyewe. Alinikaribisha kwa chai, hakunipigia kelele, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Aliniuliza jambo moja: "Maalim, kwa nini hukutoka tu ukanitazama?"

Tangu siku ile nilibadilisha mambo matatu au manne. Hayakuwa ya elimu kubwa, na baadhi ya wenzangu waliyaona ya kitoto. Kanuni ya lango niliiandika upya kwa mkono wangu: jina lisipofanana, mlinzi amwite mtu anayemjua mtoto, na mgeni asirudishwe mpaka mkuu au naibu wake amekwenda langoni kwa miguu yake. Zamu zilipobadilishana, watu wa asubuhi walikaa na wa jioni dakika ishirini, wakaelezana kila mtoto na kila ahadi aliyopewa. Halmashauri ilinung'unikia malipo ya dakika hizo, na nilibishana nayo mwaka mzima. Kila mtoto aliyeshikwa aliulizwa kesho yake na mtu asiyekuwamo katika ushikaji, na maneno yake yakaandikwa kama alivyoyasema, matusi na yote. Na mimi mwenyewe niliacha ofisi kila siku saa kumi na nusu, nikazunguka mpaka baada ya chakula cha jioni. Nilikula nao. Chakula kilikuwa kibaya, na hilo nalo sikulijua mpaka nilipokila, tukabadilisha mpishi.

Wafanyakazi wawili waliacha kazi, wakisema nimewapa watoto madaraka. Mmoja nilimfukuza mimi, na sijuti. Lakini wengi, ndugu zangu, walifurahi. Mfanyakazi naye huogopa. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayelipwa kidogo, amefungiwa na watoto sita wenye hasira, akijua mkubwa wake yuko nyuma ya milango mitano, hushika kwa nguvu kwa sababu ya hofu. Akijua mkubwa wake yuko jikoni, hapo hapo, mikono yake hulegea. Kushikana hakukwisha. Kulipungua, na siku za Jumapili, ambazo ndizo zilizokuwa za wageni, kulipungua zaidi.

Nimekumbuka katika kuandika haya maalim wangu wa chuoni, kule Unguja. Alikuwa na bakora na aliitumia, sitamtetea kwa hilo. Lakini alijua baba wa kila mtoto, na mtoto asipoonekana siku mbili alipita nyumbani kwao akabisha hodi. Serikali ya kwetu iliyaita magereza "Vyuo vya Mafunzo", na wengi tulilicheka jina hilo barazani. Sasa silicheki sana. Jina ni zuri. Shida ni kama yupo mwalimu ndani.

Nitaje na mtu mwingine wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950, Waingereza walipokuwa wakiwafunga watu wa Kenya kwa maelfu, wavulana nao walikusanywa katika kambi ya Wamumu. Wengi wao hawakupasa kufungwa hata siku moja, na lisemwe hilo kwanza. Humo alifanya kazi Geoffrey Griffin. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Starehe mjini Nairobi kwa ajili ya wavulana wa mitaani, katika vibanda viwili vya mabati. Akabaki mkuu wa Starehe mpaka alipofariki mwaka 2005. Miaka arubaini na mitano na ushei, mkuu mmoja! Mtoto wa huko hakuwahi kuamka akakuta kanuni za mtu mpya.

Ninayoyasema si ya nyumba yangu tu. Rudini na mimi kwenye kile kilima cha Rochester. Kituo cha mafunzo cha Medway kilifunguliwa huko mwaka 1998. Mapema mwaka 2016 televisheni ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri za wafanyakazi wakiwatendea watoto vibaya, kampuni ikanyang'anywa kazi, na mwaka 2020 kituo kikafungwa. Jirani yake ni Cookham Wood, iliyokuwa jela ya wavulana. Mwaka 2023 wakaguzi waliikuta na wavulana 77, na silaha za kutengeneza kwa mikono zaidi ya 200, na watoto waliokaa peke yao vyumbani kwa siku nyingi mno. Wafanyakazi walikuwa kama 450, na wakubwa wa ngazi ya juu walikuwa 24. Hebu pigeni hesabu: mkubwa mmoja kwa watoto watatu na kidogo. Mama mwenye watoto watatu angeona silaha chini ya godoro. Hawakukosa wakubwa, walikosa mkubwa anayetembea. Mwaka 2024 ikaamuliwa pageuzwe jela ya watu wazima. Mwaka huo huo, pale pale palipokuwa Medway, ikafunguliwa skuli ya kwanza yenye ulinzi, Oasis Restore, inayoendeshwa na shirika la hisani. Waliieleza kuwa ni skuli kwanza na kufuli baadaye. Mwaka 2025 watoto wakahamishwa kwa muda kwa sababu ya milango isiyo madhubuti. Nilicheka kidogo kwa uchungu niliposikia, lakini naiombea heri, kwani fikra yake ni sahihi.

Neno jema lipo pia. Mwaka ule nilioshika ukuu, watoto waliofungwa England na Wales walikaribia 3,000. Miaka hii ya karibuni hawafiki 500. Makosa madogo hayawapeleki tena ndani. Lakini waliobaki ndio wenye mizigo mizito zaidi, na karibu nusu yao si Wazungu. Basi tusijifanye hatumo.

Na hapa narudi kwenye Dubai. Katika miaka yangu yote niliwaona watoto wa watu wetu wasiozidi kumi, na wengi wao hawakutembelewa na mtu zaidi ya mama. Wajomba hawakuja. Mashangazi waliambiwa yuko Dubai, au Oman kwa babu yake, au anasoma Leicester. Mama anabeba peke yake, treni na basi na lango, na akirudi msibani au harusini anaulizwa hali ya kijana na kutunga salamu zake. Mtoto naye anajua kwamba nje ametungiwa safari. Mmoja aliniuliza: "Nikitoka, nitasema nini juu ya Dubai? Sijui hata hali ya hewa yake."

Kama liko nyumbani kwenu, fanyeni haya. Ombeni jina la mfanyakazi anayemwangalia mtoto, mpigieni yeye. Chukueni cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na pasi yenu, kwa ajili ya yale majina. Ulizeni mapema juu ya chakula halali na Ijumaa, maana ni haki yake, lakini huwa inasahauliwa asipokuwapo wa kuuliza. Akishikwa, takeni muelezwe, na muulize mtoto mwenyewe alisema nini. Ikiwa mama amechoka, aende mjomba. Mkirudishwa langoni, msiandike barua. Kaeni pale pale, mwambieni mlinzi mnamngojea mkuu.

Yule kijana wa kifundo cha mkono alikaa nasi miezi minne mingine. Mama alikuja kila wiki ya pili, na mara mbili alikuja na kaka yake kutoka Coventry. Mkate wa kumimina tuliuingiza kwa njia ya jikoni: mpishi mpya aliandika namna ya kuupika, kama alivyoelekezwa na mama mwenyewe, akaupika Jumapili kwa watoto wote. Haukuumuka vizuri. Waliula wote, akalalamika mmoja tu, naye alikuwa ni yeye, akisema wa mama yake hauko hivi.

Mama wa hitma nimemwahidi kwenda naye Jumamosi ijayo. Tutatoka saa moja asubuhi, na cheti cha kuzaliwa nimeshamwambia akitie mkobani.